Kadi Tatu za Wasioandikwa

Kalamu yake ilikaa kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, imefungwa kwa uzi kwenye kifungo ili mtu asiiazime akaondoka nayo. Hata Jumapili, hata ndani ya suti. Nilimwona mara moja tu amevaa fulana isiyo na mfuko, siku ya joto kali, na kalamu ilikuwa nyuma ya sikio, uzi unamning'inia shingoni. Pale Highview, kusini mwa Louisville, kwenye apatimenti zetu za matofali mekundu, wakubwa walimwita Karani na watoto walimwita Babu Karani. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, alisoma mpaka darasa la ngapi, sikuwahi kumuuliza. Jina lake la kwenye vyeti nililijua baadaye sana, na sitaliandika hapa, maana kwangu hakuwahi kuwa na jina hilo.

Ukarani alikuja nao. Kule kambini, mkoa wa Kigoma, Tanzania, tulikokulia Warundi wengi wa Louisville, yeye ndiye aliyesoma majina siku ya mgao. Shirika linaleta unga, maharage, mafuta na chumvi. Watu wanapanga mstari tangu umande. Meza ipo, kiti kipo, lakini yeye anasimama, anasoma jina. Unaitika, "Nipo!" Unasogea, unatia dole gumba kwenye karatasi mbele ya jina lako, unapimiwa, naye anasema, "Anayefuata." Kutwa nzima ni hivyo. Makarani wengine walikuwepo, lakini sauti ya huyu ilifika mwisho wa mstari bila kipaza sauti, na majina yetu marefu ya Kirundi, ambayo wageni waliyakata kama muwa, yeye aliyasoma mazima.

Wengi wetu tulipofika Amerika tuliacha vyeo vyetu uwanja wa ndege. Aliyekuwa mchungaji akawa mkata kuku, aliyekuwa mwalimu akawa msafisha hoteli, mimi niliyekuwa fundi cherehani nikawa wa kufunga maboksi. Karani hakuacha chake. Wiki ya kwanza alikwenda kwenye visanduku vya barua vya jengo letu, akakuta vimeandikwa namba tu, hakuna jina hata moja. Alisikitika kweli. Akapita mlango kwa mlango akiuliza majina, akayaandika kwa herufi kubwa kwenye utepe wa gundi, akabandika. Meneja wa jengo akabandua. Karani akabandika tena. Walikwenda hivyo mpaka Pasaka, na aliyechoka alikuwa meneja.

Pale kituo cha basi la shule alikuwa na mamlaka ambayo hakupewa na mtu yeyote. Kazini aliingia alasiri, kwa hiyo asubuhi alikuwa huru kutusumbua. Aliwapanga watoto mstari, wafupi mbele, akawaita mmoja mmoja: Warundi, Wakongo, Wanepali, na watoto wa Wamarekani waliokaa majengo ya nyuma. Majina ya hao Wamarekani aliyasoma kwa r nzito ya kwetu, polepole, kama mtu anayehesabu mayai. Wote waliitika "Nipo!" hata wale wasiojua neno lingine la Kiswahili. Dereva wa basi, mama mmoja mnene mwenye sigara sikioni, alizoea kumngoja amalize. Mwanzoni alipiga honi. Baadaye na yeye akaanza kuitika.

Kazi yake ilikuwa kwenye ghala moja kule Jeffersontown, kufunga vipuri vya magari. Walimpa mashine ndogo ya mkononi inayosoma alama za boksi, naye aliitumia kama walivyomwonyesha, kisha akaandika kila boksi kwenye kipande cha katoni. Msimamizi, kijana mdogo, akamuuliza ya nini hiyo. Karani akamjibu kwa Kiingereza chake: "Machine forget. Paper no forget." Siku moja mashine zote zikazima tangu asubuhi. Ghala zima likasimama. Karani akakaa na katoni yake kifuani, tayari, akingoja aitwe. Hakuna aliyemwita. Jioni mashine zikawaka, kila mtu akaendelea na kazi. Aliponisimulia hakucheka, na mimi nikajizuia mpaka nilipofunga mlango wangu.

Nisije nikamchora malaika. Alikuwa mtu wa kuudhi. Ukimwalika kwenye sherehe anasimama kwenye sufuria ya wali bila kuombwa, anashika mwiko, na hapo umekwisha. Kila sahani vijiko viwili na nyama moja. Ubatizo wa mwanangu wa mwisho alimpimia mchungaji nyama moja, sawa na watoto. Nikamkonyeza, nikamvuta shati. "Mzee, huyo ni mchungaji!"

"Orodha haina mjomba, Mama Divine," akasema, kwa sauti ile ile ya kufika mwisho wa mstari.

Mchungaji alimsamehe, lakini haikuwa Jumapili ile. Ila lazima niseme na hili: Karani alikula wa mwisho. Siku hiyo alipomaliza kugawa kulibaki ukoko, akaukwangua, akaula amesimama. Nikamuuliza kwa nini asijiwekee sahani mapema. Akaniambia, "Mwenye mwiko akila kwanza, mkono unakuwa kipofu." Misemo yake ilikuwa hivyo, ya kutoka mstarini. Alisema mstari mzuri ni nusu ya shibe. Alisema mtu akiitwa vizuri jina lake, hata uji mwembamba unashuka.

Na mambo ya mapenzi aliyaogopa kama mvua ya mawe. Mkewe alikufa kambini, na sikuwahi kumsikia akimtaja kwa neno tamu, alimwita "mwenzangu wa kadi namba mia tatu na nane," yaani karatasi yao ya mgao. Vijana wa kanisani wakishikana mikono yeye anakohoa. Lakini namba ile hakuisahau. Alipokuwa akitaka kufungua simu yake, alibonyeza tatu, sifuri, nane.

Sasa niseme jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Karani hakunifahamu tulipokutana Louisville. Mimi nilimfahamu kabla sijamwona, kwa sauti, akimwita mtu pale ngazini. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano kambi yetu ya kwanza ilifungwa, tukahamishiwa kwenye ile ya kwake, na karatasi zetu zikachelewa njiani. Siku ya mgao mama yangu alinichukua tukapanga mstari, ameshika mfuko wa unga alioufua jana yake. Majina ya herufi yetu yakasomwa, yakapita, letu halikusomwa. Mama akangoja, akidhani limerukwa, mpaka mstari ukabaki na watu wachache. Ndipo akasogea mezani.

Karani hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Alipitisha kidole kwenye karatasi toka juu mpaka chini, akasema, "Jina halipo, mama." Nyuma yake magunia yalikuwa yamebaki, matano au sita, nayaona mpaka leo. Mama akasema, "Hata kilo moja, kaka, kwa ajili ya huyu." Akanionyesha mimi. Karani akasema, "Kinachobaki kinarudi ghala." Kisha akatazama juu ya bega la mama yangu, akaita, "Anayefuata."

Tulikula kwa majirani wiki mbili. Sitadanganya kwamba mama alikufa kwa sababu hiyo. Alikufa miaka mingi baadaye, kwa maradhi ya ini, safari yetu ya Amerika ikiwa imeshatajwa. Lakini tangu siku ile, akiwa mahali popote pa kuitwa, hata kliniki, alisimama kabla jina lake halijaisha kutamkwa, akiogopa litaondolewa. Kwa hiyo Karani nilimzoea kwa upande mmoja. Nilimpelekea maharage, nilimtania, nilimwachia watoto. Kinyongo changu nilikiweka mahali pake, na yeye hakujua kwamba kipo.

Februari yetu ya kwanza ya shule, mwaka 2013, Divine alikuwa darasa la pili. Akarudi na karatasi kwenye begi. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha maboksi tu, na mficha uchi hazai, nikaipeleka mlango wa pili kwa Karani. Akaisoma kwa kidole. Uso ukamng'aa.

"Hii ni orodha," akasema. "Watoto ishirini na wawili. Tarehe kumi na nne kila mmoja apewe kadi, na akitaka mtu aongeze pipi. Wameandika hapa: kila mmoja, asiachwe mtu."

"Kadi ya nini, mzee?"

Akarudi juu kwa kidole. "Ya mapenzi."

Tukatazamana.

"Mapenzi, darasa la pili," akasema. "Na serikali inajua?"

Divine, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye zulia, akasema bila kuinua kichwa, "It's just Valentine's, Babu. Everybody gives everybody." Hiyo ndiyo desturi ya huku, sasa naijua: siku hiyo kila mtoto anapeleka kadi ndogo na vitamutamu kwa darasa zima, na kila mmoja ana boksi lake la viatu alilolipamba, wenzake wanatumbukiza. Hakuna anayeposwa. Lakini sisi tulitoka mahali ambapo msichana akimpa mvulana karatasi yenye moyo, wazee wanaitana. Karani akafikiri sana. Mwishowe akavua miwani.

"Basi tusiangalie moyo," akasema. "Tuangalie orodha."

Nikanunua pakiti ya kadi thelathini zenye picha za mbwa, na mfuko wa pipi. Divine akaandika majina mezani kwa Karani, ulimi nje. Karani akachukua karatasi nyeupe na rula, akachora safu: namba, jina, kadi, pipi, sahihi. Zilipobaki kadi nane alizifunga kwa uzi, akavuta droo.

"Kinachobaki kinarudi ghala," akasema.

Nilikuwa nimeshika sahani. Nilisimama nayo pale pale, na yeye akaendelea kumfundisha mwanangu: simama, soma jina kwa sauti, aitike, umpe kadi moja na pipi mbili, atie sahihi, uite anayefuata. Usimpe mtu cha mwenzake. Asiyekuwepo, mgao wake unarudi. Nikaenda kuosha sahani.

Tarehe kumi na nne simu ililia nikiwa ndiyo nimetoka kazini. Alikuwa dada mmoja Mkenya, aliyekuja kusoma chuo akabaki, na sasa alikuwa mkalimani wa shule.

"Hello, Mama Divine? Usishtuke, hakuna mtu ameumia. Actually ni kitu ya kuchekesha. Leo kwa party, wale watoto wengine wameweka tu kadi kwa maboksi, mara hiyo wamemaliza. Divine yeye alisimama mbele ya class akaanza kuita roll call! Ati wasaini! Na wakapanga line, believe me, wote. Kuna kijana alirudi akitaka kusaini mara ya pili juu ya pipi, Divine akamfukuza. Teacher alicheka mpaka akatoa machozi."

Nikacheka na mimi, nimeegemea gari.

"Lakini sasa kuna ile ingine. Kuna msichana mgeni, ameingia juzi Jumanne, jina halikuwa limeandikwa. Alipanga line kama wengine. Alipofika mbele Divine akamwambia, you're not on the list. Halafu akaita next. Yule mtoto alilia, Mama Divine. Teacher alimtafutia kadi kwa desk yake, lakini unajua, si sawa. Si lazima um-punish. Ongea tu na yeye."

Sijui niliendeshaje kutoka pale mpaka nyumbani. Divine alikuwa ameshafika, boksi lake limejaa, na karatasi ya sahihi ishirini na mbili ameinyoosha mezani, wengine wamechora nyota. Nikamuuliza habari za msichana mgeni. Akaniangalia kwa mshangao safi kabisa. "But Mama, she wasn't on the list." Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amefundishwa kazi akaifanya vizuri.

Nikagonga mlango wa pili kwa ngumi. Karani akatoka na koti lake la kazini, kubwa kuliko yeye, tayari kwa zamu. Nikamweleza. Akasikiliza, kisha akasema neno ambalo, laiti angejua, asingelisema.

"Pole kwa mtoto. Lakini Mama Divine, orodha haina mjomba. Jina lisipokuwepo, mgawaji afanyeje?"

"Afungue droo!" nikasema. "Kadi nane ziko kwenye droo yako!"

Hapo yakamwagika yote, ngazini, majirani wanafungua milango. Nikamwambia kambi gani, mwaka gani, mfuko wa unga uliofuliwa, magunia matano au sita. Nikamwambia, "Mama yangu alikuita kaka. Ukatazama juu ya bega lake." Nilikuwa nalia na kutema mate, sina haya kusema. "Na leo umemfundisha mwanangu kufanya vile vile!"

Karani alishika kalamu yake, ikiwa bado mfukoni, akaishika hivyo hivyo muda mrefu. Hakusema kwamba ilikuwa amri ya wakubwa, ingawa ilikuwa. Hakusema hakumbuki. Aliuliza kitu kimoja.

"Mama yako aliitwa nani?"

"Siku ile hukulihitaji," nikasema. "Leo la nini?" Nikaingia kwangu nikafunga.

Asubuhi nilimwona kwa dirisha pale kituoni. Theluji ilikuwa imeanguka, na yeye, ambaye kwa kawaida hulala mpaka saa moja kamili asubuhi, alikuwa wa kwanza kufika. Hakuita majina siku hiyo. Aliinama mbele ya Divine, akampa kadi moja kati ya zile nane na mfuko mzima wa pipi uliobaki. Divine aliniambia jioni alichoambiwa: kadi haina jina kwa sababu Babu halijui, kwa hiyo muulize kwanza yule mgeni anaitwa nani, uandike mbele yake, umpe. Asitie sahihi. Mwambie aliyekosea ni karani, siyo wewe.

Mwaka uliofuata orodha ilipokuja nilisita, lakini Divine alikwishaipeleka mlango wa pili. Walikaa mezani kama zamani. Watoto ishirini na watano. Karani akahesabu kadi ishirini na nane. Tatu za mwisho zilikuwa tupu, akazifunga uzi peke yazo, akaziweka juu ya nyingine zote. "Hizi ni za wasioandikwa," akamwambia. "Ukimaliza kuita, usiseme 'anayefuata.' Uliza: nani sijamwita?" Hakuna mgeni aliyekuja mwaka ule. Divine akarudi na zile tatu, na Karani hakuzirudisha droo. Moja alimpa dereva wa basi. Moja alimpa meneja wa jengo, yule yule wa visanduku vya barua, ambaye sijui aliielewaje. Ya tatu alikuja nayo akagonga mlangoni kwangu.

"Nimebakiza moja," akasema. "Niiandike jina gani?"

Nilijua anauliza nini. Nikamwambia, "Bado, mzee."

"Ego," akasema, ndiyo yetu ya Kirundi, na akairudisha mfukoni nyuma ya kalamu.

Kiangazi kile tulihamia Columbus, upande wa Whitehall, waliko ndugu wa mume wangu. Karani naye akaenda Buffalo, kwa binti yake. Nilidhani yamekwisha. Februari simu ikalia.

"Darasa lina wangapi?"

"Ishirini na wanne, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ongeza tatu."

"I know, Babu!" Divine akapiga kelele kutoka jikoni. Alikuwa darasa la nne, na mwaka huo zile kadi tupu zilipata wenyewe wawili: mapacha wa Kikongo walioletwa na mama yao siku hiyo hiyo ya sherehe, bado wana vitambulisho vya safari shingoni. Nilipomsimulia, nikasikia Karani anapenga kamasi. Kisha akauliza, "Na lile jina, Mama Divine?"

"Bado."

Mtu ataniuliza kwa nini. Jina la marehemu, halina bei, lingenipunguzia nini? Nimejiuliza na mimi nikiwa kwenye foleni za barabarani, nikiwa nafunga maboksi. Nadhani ni hivi. Yule mzee alikuwa na majina ya kambi nzima kichwani. Ungemtajia mtu yeyote angekwambia alikaa kijiji gani, watoto wangapi, alitia dole la kulia au la kushoto. Jina moja alilikosa, na lilikuwa langu kumpa au kumnyima. Maisha yangu yote nimesimama kwenye mistari ya watu wengine. Mara hii yeye ndiye aliyekuwa amesimama, na mimi ndiye niliyekuwa na orodha. Sijivunii, lakini ilikuwa tamu.

Februari iliyofuata simu haikulia. Divine ndiye aliyeshtuka. "Babu hajapiga," alisema, kwa Kiswahili, naye Kiswahili alikuwa anakitoa kwa nadra. Nikapiga mimi. Binti yake akaniambia ni kiharusi, tangu Noeli; anaongea, lakini polepole, na mkono wa kulia umekataa. Nikaweka simu. Utamu wangu wote ukanigeuka mdomoni. Jumamosi ile tukaingia garini, mimi na Divine, mwendo wa saa tano, ziwa upande wa kushoto limeganda.

Nyumba ya binti yake ilikuwa ya mbao, ya kijani, theluji imefika dirishani. Karani alikuwa mezani jikoni, amekonda, mdomo umevutwa upande. Kalamu ilikuwa mfukoni, uzi wake kwenye kifungo. Mbele yake kulikuwa na orodha ya darasa la mjukuu wake, msichana wa miaka sita, na rundo la kadi za vipepeo. Mjukuu ndiye aliyekuwa akiandika. Babu yake alishika rula kwa mkono wa kushoto, akisogeza jina hadi jina.

"Mama Divine," akasema. Ilimchukua muda. "Divine. Darasa. Wangapi?"

"Ishirini na sita, Babu," Divine akasema. "Nimeongeza tatu."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Tulikunywa chai. Tuliongea habari za theluji, za dereva wa basi, za mchungaji wa nyama moja, na alipocheka mate yalimtoka, binti yake akampangusa. Hakuniuliza. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Miaka mitatu aliniuliza, na siku ambayo nilikuwa nimelibeba jina kutoka Columbus mpaka Buffalo, hakuniuliza. Aliona, nadhani, kwamba haki ya kuuliza imekwisha. Kadi tatu tupu zilikuwa pembeni ya sahani yake, zimefungwa uzi, fundo baya la mkono mmoja.

"Ndayizeye Melania," nikasema.

Karani alilitazama jina kana kwamba limewekwa mezani. Mkono wa kushoto ukaenda mfukoni, ukashika kalamu, ukashindwa kifuniko. Akamsogezea Divine, uzi ukamvuta shati.

"Andika."

Divine akainama karibu naye, maana uzi ulikuwa mfupi, akafungua kadi moja tupu, akaandika jina la bibi yake ambaye hamkumbuki. Aliniuliza herufi mbili. Kisha Karani akaweka kiganja mezani akaanza kuinuka. Binti yake akamwambia, "Baba, kaa." Hakukaa. Aliinuka vipande vipande, akashikilia meza, akanyooka kiasi alichoweza. Na yule mtu ambaye neno "chai" lilikuwa limemshinda dakika kumi zilizopita akalisoma jina la mama yangu zima, pande zote mbili, kwa sauti ambayo nadhani ilifika barabarani.

"Ndayizeye Melania!"

Nilisimama kabla halijaisha. Sikukusudia.

"Nipo," nikasema.

Akanisogezea kadi. "Dole," akasema. Mama hakujua kuandika, na yeye hilo hakuambiwa na mtu, alilijua kwa kuwa wengi wa mstari ule walikuwa hivyo. Hakukuwa na wino. Divine akachukua kalamu nyekundu ya mjukuu, ya kuchorea mioyo, akanishika mkono, akanipaka dole gumba taratibu, mbele na pembeni, mpaka likalowa. Nikaligandamiza mbele ya jina.

Nikangoja neno lake. Hakulisema. Alikuwa amesimama, ameshikilia meza, ananitazama mimi usoni na si juu ya bega langu. Mjukuu alikuwa na kadi ya kipepeo mkononi, anasubiri kuambiwa aendelee. Binti yake alikuwa na kiti nyuma yake, tayari kumpokea. Wote tulimngoja, na yeye alikuwa ananingoja mimi.

"Anayefuata," nikasema.

Akakaa.